Upatanisho wa Kisarufi Katika Tovuti: Stadi za Kiwango cha Kati kwa Watumiaji wa Joomla

1.0 Utangulizi

Maendeleo ya teknolojia ya habari na mawasiliano yamezua haja ya wasomi wa Kiswahili kuendesha tovuti zao wenyewe, ziwe za vyama, za majarida au za idara. Wengi huegemea mifumo huria ya kusimamia maudhui, yaani programu ambazo msimbo wake unaweza kusomwa, kurekebishwa na kusambazwa na yeyote bila malipo ya leseni. Mmojawapo ni Joomla. Mfumo huu ulizuka mwaka wa 2005, pale watayarishaji wa mfumo uliotangulia ulioitwa Mambo walipojitenga na kampuni ya Miro ya Australia. Jina walilochagua ni neno letu jumla, ila limeandikwa kwa tahajia ya Kiingereza.

Hata hivyo, mfumo kuwa na jina la Kiswahili si hoja ya kutosha kwamba mfumo huo unasema Kiswahili. Makala haya yananuia kueleza stadi ambazo mtayarishaji wa tovuti anahitaji baada ya kuvuka hatua ya mwanzo. Hoja yetu kuu ni kwamba muundo wa sentensi ya Kiswahili, hasa upatanisho wa kisarufi, unamlazimisha mtayarishaji kuzijua stadi hizi mapema kuliko mwenzake anayetumia Kiingereza. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili ana nafasi ambayo mtaalamu wa kompyuta peke yake hawezi kuijaza.

2.0 Mpaka baina ya mwanagenzi na mtayarishaji wa kiwango cha kati

Mwanagenzi huweza kusakinisha mfumo, kuchagua kiolezo, kuongeza viendelezi na kuchapisha makala. Anapotaka kubadilisha jambo lisilo na kitufe, hufungua faili za mfumo wenyewe na kuzihariri. Tovuti hupendeza kwa muda. Toleo jipya linaposakinishwa, faili hizo hufunikwa na nyingine, na kazi yake yote hutoweka. Kutosasisha nako si suluhisho, kwa kuwa matoleo mapya ndiyo yanayoziba mianya ya usalama.

Mtayarishaji wa kiwango cha kati hutambulika kwa jambo moja la msingi: anajua mahali pa kuweka badiliko ili mfumo usilifute. Joomla imetenga mahali pa namna hiyo, na matatu yanatosha kwa mahitaji mengi.

Kwanza ni kiolezo. Kila ukurasa huchorwa na faili ya mpangilio iliyomo ndani ya kijenzi husika. Mtayarishaji hunakili faili hiyo na kuiweka katika folda ya html ya kiolezo chake. Mathalani, mpangilio wa makala katika kiolezo cha Cassiopeia hukaa katika templates/cassiopeia/html/com_content/article/default.php. Mfumo ukikuta nakala hiyo, huitumia na kuiacha ile ya asili. Tangu toleo la 4, lililotolewa Agosti 2021, msimamizi huarifiwa faili ya asili inapobadilika ili ailinganishe na nakala yake.

Pili ni programu-jalizi. Joomla hutangaza matukio inapoandaa ukurasa. Tukio la onContentPrepare, kwa mfano, hutangazwa kabla ya matini kuonyeshwa. Programu-jalizi inayolisikiliza inaweza kuongeza maelezo ya istilahi au kupanga vipande vya ushairi bila kugusa matini iliyohifadhiwa. Aidha, tangu toleo la 3.7 la mwaka wa 2017, msimamizi anaweza kubuni sehemu zake za kujaza. Jarida la fasihi linaweza kuwa na sehemu za mtunzi, bahari na idadi ya beti, badala ya kuyarundika yote katika matini moja.

Tatu ni faili za lugha, na hapa ndipo uzito wa mada yetu ulipo.

3.0 Faili za lugha na tatizo la upatanisho

Maneno ya Joomla hayakuandikwa ndani ya msimbo moja kwa moja. Kila ujumbe una ufunguo wa herufi kubwa, na tafsiri yake huwekwa ndani ya alama za mtajo katika faili ya lugha. Msimamizi anaweza kubatilisha tafsiri yoyote, na badiliko lake huhifadhiwa katika faili maalumu, kama vile language/overrides/sw-KE.override.ini, ambayo haifutwi na masasisho. Kwa hivyo, kurekebisha Kiswahili cha tovuti hakuhitaji ruhusa ya mtu wala ujuzi mkubwa wa msimbo. Kunahitaji sarufi.

3.1 Ufunguo mmoja, ngeli nyingi

Ufunguo wa JPUBLISHED hueleza kuwa kitu kimechapishwa. Ufunguo huo huo hutumiwa kwa makala, kwa kitengo na kwa moduli. Kiingereza hakipati taabu, kwa maana kitenzi chake hakibadiliki kulingana na nomino. Katika Kiswahili, makala yamechapishwa, kitengo kimechapishwa, na moduli imechapishwa. Kiambishi chochote atakachochagua mfasiri kitakuwa sahihi mahali pamoja na kosa kwingine. Hali kadhalika, ufunguo wa JTOOLBAR_NEW ni kitufe cha kuanzisha kitu kipya. Kivumishi -pya hakiwezi kusimama bila kiambishi, nacho hutegemea nomino isiyojulikana: mpya, kipya, jipya.

Suluhisho halimo katika kompyuta bali katika hazina ya lugha yenyewe. Mfasiri atafute umbo lisilodai upatanisho. Kielezi hadharani kinafaa kwa JPUBLISHED kwa kuwa hakibebi ngeli. Kitenzi cha kuamuru, ongeza, kinafaa kwa kitufe. Vilevile nomino inayotokana na kitenzi huja na upatanisho wake wenyewe: ujumbe 'Uhifadhi umekamilika' ni sahihi, kiwe kimehifadhiwa kitabu au ahifadhiwe mtumiaji.

3.2 Maneno yaliyogandishwa

Tatizo la pili huletwa na watayarishaji wanaounga sentensi vipande vipande. Msimbo huwa na pengo, aghalabu %s, linalojazwa nomino wakati wa matumizi. Tafsiri ya '%s imefutwa' itatoa 'picha imefutwa', jambo lililo sawa. Kisha itatoa 'kitengo imefutwa' na 'mtumiaji imefutwa'. Anayetayarisha kiendelezi chake mwenyewe aepuke mtindo huu. Aandike ufunguo kamili kwa kila nomino, hata kama kwa Kiingereza sentensi moja ingetosha. Pale mapengo ni mawili, yapewe nambari, yaani %1$s na %2$s, ili mfasiri aweze kuyapanga kwa mfuatano wa Kiswahili, ambapo nomino hutangulia na idadi ikafuata.

3.3 Umoja na wingi

Joomla hutenganisha ujumbe wa umoja na wa wingi kwa viambishi vya ufunguo. Faili ya localise.php katika kifurushi cha lugha huamua ni ufunguo upi utumike kwa idadi gani. Hivyo, kwa mtu mmoja tutapata 'Mtumiaji amezuiwa', kwa watatu 'Watumiaji 3 wamezuiwa', na pasipo na mtu, 'Hakuna mtumiaji aliyezuiwa'. Ni bayana kuwa sentensi hizi tatu haziwezi kupatikana kwa kuongeza herufi moja mwishoni mwa neno. Wingi wa Kiswahili huanzia mwanzoni mwa nomino na kuenea hadi kwenye kitenzi.

4.0 Ritifaa na usalama

Stadi nyingine ya kiwango cha kati ni kutoamini chochote kinachoandikwa na msomaji katika kisanduku. Neno ng'ombe ni mfano mwafaka. Ritifaa iliyomo ndiyo alama inayofungia matini katika lugha ya hifadhidata. Mtayarishaji akiliunga neno hilo moja kwa moja katika ombi lake, ombi hukatika baada ya ng na kosa hutokea. Mwanya huo huo ndio unaotumiwa na wavamizi kuingiza amri zao. Joomla hutoa njia ya bind, ambayo hupeleka thamani kando na ombi lenyewe. Kwa hiyo, tovuti inayoshindwa kutafuta ng'ombe au ng'ara inaweza kuwa inatoa ishara ya udhaifu mkubwa zaidi.

Isitoshe, programu nyingi za kuandikia hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti. Kamusi ya mtandaoni iliyohifadhi ya kwanza huenda isimjibu anayeandika ya pili. Inafaa kuzisawazisha kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta.

5.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba stadi za kiwango cha kati ni kujua pa kuweka badiliko: kiolezo, programu-jalizi na faili ya lugha. Yameonyesha pia kuwa ngeli, wingi na ritifaa si mambo ya darasani pekee. Kazi ya kukifundisha Kiswahili kwa kompyuta si ngeni katika ukanda wetu. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Yaliyosalia ni mengi, na sehemu kubwa ni ya sarufi.

Msomaji anayekutana na 'mtumiaji imefutwa' kila siku hatimaye huizoea, na mwanafunzi wa shule huiiga akidhani kuwa iliyoandikwa na mashine haiwezi kukosea. Tunapendekeza kwamba vyama vya Kiswahili vyuoni vianze na tovuti zao. Wanachama wakusanye jumbe zenye kasoro, wazijadili kama wanavyojadili makosa ya matini nyingine, kisha wazirekebishe katika faili ya lugha. Watakaporidhika na kazi yao, waichangie katika tafsiri huria ili ifae wengi. Asiye na kompyuta yake anaweza kuchangia kwa kalamu na karatasi, kwa maana uamuzi wa neno lifaalo hutangulia uandikaji wa msimbo.