Benedicto Kiwanuka: Askari wa Zamani Aliyeshika Mizani ya Sheria

Wasomaji wetu wa jeshi na polisi wanamfahamu marehemu Benedicto Kiwanuka kuwa mwanasheria na mwanasiasa. Yafaa pia wakumbuke kwamba alikuwa askari kama wao.

Alizaliwa Masaka mwaka 1922. Mwaka 1942 alijiunga na Keya, akatumikia Kenya, Misri na Palestina hadi mwaka 1946. Alipovua gwanda alishika vitabu: alisoma Lesotho, kisha London, na mwaka 1956 akawa wakili na kurejea Kampala. Mwaka 1958 alichaguliwa kukiongoza chama cha DP. Mwaka 1961 aliingia Baraza la Kutunga Sheria, akawa Waziri Kiongozi, na tarehe 1 Machi 1962 Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Aliposhindwa katika uchaguzi wa Aprili, alimwachia Milton Obote madaraka kwa amani.

Mwaka 1969 alitiwa kizuizini, naye alionja mwenyewe uchungu wa kufungwa. Alifunguliwa mwaka 1971 baada ya Idi Amin kutwaa serikali, na mwaka huohuo akateuliwa kuwa Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza kukikalia kiti hicho.

Septemba 1972 ililetwa mbele yake kesi ya Daniel Stewart, mfanyabiashara Mwingereza aliyekuwa ameshikwa na jeshi. Sheria humtaka kila anayemzuia mtu amfikishe mahakamani na kueleza amemzuia kwa mamlaka gani. Mamlaka hayo hayakuonekana, na Kiwanuka akaamuru mtu huyo aachiliwe. Tarehe 21 Septemba watu wenye silaha walimtoa katika Mahakama Kuu, mchana, mbele ya macho ya watu. Hakuonekana tena, wala mwili wake haukupatikana.

Waliomchukua walikuwa na bunduki. Hawakuwa na hati ya hakimu. Hapo ndipo lilipo funzo letu sisi tunaobeba silaha za umma. Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 23, yasema kwamba haki ya mtu aliyezuiliwa kufikishwa mbele ya mahakama haiwezi kusimamishwa, na ibara ya 128 inavitaka vyombo vyote vya dola kuzisaidia mahakama. Kwa hiyo amri ya hakimu ni amri kwetu pia. Askari anayeitii humlinda raia, na hujilinda mwenyewe, kwani siku atakapovua gwanda hatakuwa na ngao nyingine ila sheria hiyohiyo.