Kwa nini magari makubwa ya kifahari ni ghali? Fahamu mitambo, kodi na gharama zinazofuata

Ukipita kwenye yadi za magari mjini Ruiru, utaona magari mawili yameegeshwa bega kwa bega. Moja ni gari dogo la familia ambalo bei yake haifiki Sh2 milioni. Lingine ni la aina ya Land Cruiser au Range Rover, na bei yake ingetosha kununua magari madogo kumi. Yote mawili yana magurudumu manne, na asubuhi yatasimama kwenye foleni ileile ya kuingia Nairobi.

Wakaazi wengi hudhani tofauti hiyo ni faida ya mwenye yadi. Wengine husema mnunuzi analipia jina tu. Faida ipo na jina lina bei yake, lakini sehemu kubwa ya pesa hizo huenda kwingine. Makala haya yanaeleza zinakoenda, ili mkaazi anayepanga kununua gari, kuchukua mkopo au kuwekeza kwenye chama cha kununua gari ajue hasa anacholipia.

Mitambo usiyoiona

Gari dogo la kawaida husukumwa na magurudumu mawili, mara nyingi ya mbele. Gari la kupanda milima na kupita matopeni husukumwa na yote manne. Ili kufanya hivyo linahitaji giaboksi ya pili ya kugawa nguvu mbele na nyuma, gia nzito za mwendo wa polepole, na difu ambazo dereva anaweza kuzifunga ili gurudumu moja likiteleza, mengine yaendelee kuvuta. Mercedes G-Class, kwa mfano, ina difu tatu za kufungwa.

Kuna pia umbo lenyewe. Toyota Land Cruiser hujengwa juu ya fremu nzito ya chuma, kama lori, ili isipinde kwenye mashimo. Range Rover ya mwaka 2012 ilichukua njia nyingine: bodi yake yote ni ya alumini, madini mepesi kuliko chuma lakini yaliyo ghali zaidi kuyaunda na kuyarekebisha. Baadhi ya magari haya hayatumii springi za kawaida bali mifuko ya hewa inayoinua na kushusha gari. Ndiyo maana Land Rover Defender ya sasa, ikiwa na mifuko hiyo, inaweza kupita kwenye maji ya kina cha sentimita 90.

Kisha kuna idadi. Kampuni ikitumia mabilioni kubuni gari dogo, gharama hiyo hugawanywa kwa mamilioni ya wanunuzi duniani. G-Class imekuwa ikiundwa mjini Graz, Austria, tangu mwaka 1979, na ilichukua hadi mwaka 2023 kufikisha gari la 500,000. Wanunuzi wakiwa wachache, kila mmoja hubeba mzigo mkubwa zaidi.

Kodi juu ya kodi

Hapa ndipo bei hupanda zaidi. Gari likifika bandarini Mombasa, Mamlaka ya Ushuru nchini, KRA, hukadiria thamani yake ya forodha. Kwa gari lililotumika, kuna punguzo kulingana na umri wake. Baada ya hapo kodi hazitozwi zote kwa thamani hiyo ya kwanza. Hupangwa kama matofali, moja juu ya jingine.

Tuchukue mfano wa gari kubwa lenye thamani ya forodha ya Sh10 milioni, kwa viwango vilivyotumika mapema mwaka 2025:

- Ushuru wa forodha, asilimia 35: Sh3,500,000. Jumla sasa ni Sh13,500,000.
- Ushuru wa bidhaa, asilimia 35 ya jumla hiyo: Sh4,725,000. Jumla sasa ni Sh18,225,000.
- VAT, asilimia 16 ya jumla hiyo: Sh2,916,000. Jumla sasa ni Sh21,141,000.
- Ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5 ya thamani ya kwanza: Sh250,000.
- Ada ya ustawishaji reli, asilimia 2 ya thamani ya kwanza: Sh200,000.

Jumla ni Sh21,591,000. Katika pesa hizo, Sh11,591,000 ni kodi na ada. Mnunuzi amelipa serikali zaidi ya alichomlipa muuzaji wa ng'ambo, na bado hajalipa wakala wa bandarini, usajili wala faida ya mwenye yadi.

Sasa linganisha na gari dogo la thamani ya Sh1 milioni, lenye injini isiyozidi cc 1,500. Ushuru wake wa bidhaa ni asilimia 20. Ukipiga hesabu kwa njia hiyohiyo, kodi na ada zote ni Sh924,200. Kwa kila shilingi 100 za gari dogo, mnunuzi huongeza takriban Sh92. Kwa gari kubwa, huongeza takriban Sh116.

Kinacholeta tofauti hiyo ni ukubwa wa injini. Kiwango cha asilimia 35 cha ushuru wa bidhaa huanza pale injini ya petroli inapozidi cc 3,000, au ya dizeli inapozidi cc 2,500. Injini za Land Cruiser 300, iliyozinduliwa mwaka 2021, ni za lita 3.5 kwa petroli na lita 3.3 kwa dizeli. Zote mbili zimevuka mpaka huo.

Shilingi nayo ina neno

Magari haya hununuliwa kwa fedha za kigeni. Mwanzoni mwa mwaka 2024, dola moja ilikaribia Sh160. Baadaye mwaka huohuo ilishuka hadi karibu Sh129. Gari la dola 50,000 lilihitaji Sh8 milioni wakati ule, na Sh6.45 milioni baadaye. Tofauti ni Sh1.55 milioni kabla ya kodi, na kwa kuwa kodi hupigwa juu ya thamani hiyo, tofauti ya mwisho huongezeka mara mbili na zaidi.

Mbona yasiundwe hapa Thika?

Ni swali zuri, kwa sababu Thika ina historia katika kazi hii. Kiwanda kinachojulikana leo kama Kenya Vehicle Manufacturers, KVM, kilianzishwa mwaka 1974 kikiitwa Leyland Kenya, na serikali ina asilimia 35 ya hisa. Land Rover zilizobeba maafisa wa serikali, wakulima na watalii kwa miaka mingi ziliunganishwa hapa Thika. Desemba 2016, Volkswagen ilirejea kiwandani humo kuunganisha Polo Vivo, na mwaka 2017 Peugeot ikafuata.

Vifaa vinavyoletwa kuunganishwa humu nchini hupata nafuu kubwa ya kodi kuliko gari linaloingia likiwa kamili. Lengo ni kulinda ajira za mafundi wa kuchomelea, wapaka rangi na wauza vipuri. Lakini kiwanda hulipa pale tu kinapounganisha magari mengi ya aina moja. Soko la magari ya Sh20 milioni humu nchini ni dogo, kwa hivyo wenye kampuni hizo huona afadhali kuyaleta yakiwa tayari. Isitoshe, tangu biashara ya uagizaji ilipofunguliwa miaka ya 1990, magari yaliyotumika kutoka Japani yamechukua sehemu kubwa ya soko. Kwa mtazamo huo, ushuru mkali kwa gari linaloingia kamili pia ni ukuta wa kuwakinga wafanyakazi wa viwanda kama cha Thika.

Kodi hizi huenda wapi?

Baadhi ya wakaazi huuliza kama kaunti hufaidi moja kwa moja gari la kifahari likinunuliwa Ruiru. Jibu ni la. Kwa mujibu wa Kifungu cha 209 cha Katiba, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT hutozwa na serikali ya kitaifa pekee. Kaunti hupata mgao wake kutoka kwa mapato ya taifa, ambao Kifungu cha 203 kinasema usipungue asilimia 15 ya mapato yaliyokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Kwa hivyo mtu anayekwepa ushuru wa gari bandarini hupunguza pia kapu ambalo zahanati na barabara zetu za mashinani hutegemea.

Gharama zinazofuata

Bei ya kununua ni mlango tu. Tuseme bima kamili inatozwa asilimia 4 ya thamani ya gari. Kwa gari la Sh21.6 milioni, hiyo ni zaidi ya Sh860,000 kila mwaka.

Kuhusu mafuta, safari ya Thika hadi katikati ya Nairobi na kurudi ni takriban kilomita 90. Gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita litatumia lita 6. Linalokwenda kilomita 7.5 kwa lita litatumia lita 12. Kwa siku 22 za kazi, tofauti ni lita 132 kwa mwezi. Ada ya ukarabati wa barabara pekee, ambayo imekuwa Sh25 kwa lita tangu Julai 2024, itakuwa Sh3,300 zaidi.

Hii ndiyo sababu magari haya yakizeeka hushuka bei kwa kasi, na hapo ndipo wengi hunaswa. Gari lililouzwa Sh20 milioni likipatikana kwa Sh3 milioni huonekana kama bahati. Lakini vipuri vyake havijashuka bei. Mfuko wa hewa au giaboksi bado ni wa gari la Sh20 milioni.

Kabla ya kulipa

- Kumbuka gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limezidi miaka 8, na usukani lazima uwe upande wa kulia.
- Piga hesabu ya ushuru mwenyewe kwa kutumia mfano ulio hapo juu. Bei ikiwa chini ya kodi inayostahili kulipwa, kuna jambo.
- Thibitisha mmiliki kupitia huduma za NTSA kwenye eCitizen. Usikubali neno "logbook inakuja."
- Linganisha nambari ya chesi kwenye gari na iliyo kwenye hati.
- Mpeleke makanika wako, si wa muuzaji, na umuulize bei ya vipuri vitatu vinavyoharibika mara nyingi.
- Lipa kupitia benki na uhifadhi risiti.

Rahisi hugharimu, wahenga walisema. Kwa magari haya, gharama yenyewe hujitokeza baada ya kulipa.