Nguvu Iliyofungiwa Ndani ya Mafuta: Elimu ya Haidroliki katika Nyanda za Juu Kusini

Msafiri ashikaye njia kuu ya kutoka Iringa kwenda Mbeya, afikapo Mafinga na kuyaona malori yaliyosheheni magogo ya mipaina yakiingia viwandani, aghalabu huusifu msitu wa Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote Tanzania, na huenda akaisifu pia misumeno. Lakini ni nadra kumpitikia kwamba, lau si mafuta yanayosukumwa ndani ya mabomba, gogo lile lisingegeuzwa wala kubanwa, na zile karatasi za mbao zinazoshindiliwa kuwa plaiwudi zisingeshikana kamwe. Nguvu hiyo ndiyo haidroliki, na fundi wake ni mtu ambaye kiwanda humkumbuka siku mashine inaposimama.

Asili ya elimu hii ni ya zamani. Mfaransa Blaise Pascal alieleza ya kwamba kimiminika kilichofungiwa chomboni, kikigandamizwa mahali pamoja, huupeleka mgandamizo ule pande zote kwa kadiri moja. Maandishi yake yakapigwa chapa mwaka 1663, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Ikapita zaidi ya miaka 130 ndipo Joseph Bramah, fundi wa makufuli mjini London, alipojipatia hataza ya mashine yake ya kushindilia kwa nguvu ya maji, mwaka 1795. Taabu iliyomsumbua ni ile ile imsumbuayo fundi wa Mafinga leo, yaani kuvuja. Dawa yake, ambayo wengi humnasibisha nayo Henry Maudslay aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya Bramah, ilikuwa pete ya ngozi yenye mdomo, itanuliwayo na mgandamizo wenyewe, hata kadiri maji yanavyosukuma ndivyo inavyozidi kuziba. Sili nyingi za leo zafuata hikima hiyo hiyo, na fundi aipachikaye kinyume, mdomo ukaelekea kusiko na presha, atafunga na kufungua silinda mchana kutwa wala mafuta hayataacha kuvuja.

Nguvu yenyewe hupatikana kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari aiweza. Chukua silinda ya mashine ya plaiwudi ambayo pistoni yake ina kipenyo cha sentimita 20: uso wake una eneo la kama sentimita za mraba 314. Geji ikisoma kilo 200 kwa kila sentimita ya mraba, pistoni hiyo husukuma kwa nguvu ya karibu tani 63. Pistoni ya nusu ya kipenyo hicho, kwa presha ile ile, haitoi nusu ya nguvu bali robo, kama tani 16, kwa kuwa eneo hufuata mraba wa kipenyo. Wala nguvu hiyo haipatikani bure, maana pampu itoayo lita 20 kwa dakika huisogeza ile pistoni kubwa kwa mwendo wa kama sentimita moja tu kwa sekunde. Atakaye nguvu na mbio kwa pamoja sharti anunue pampu kubwa na mota kubwa ya kuiendesha.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo mlango wa elimu yote hii, na ambalo mafundi wengi waliojifunza kwa kutazama tu hawakupata kuambiwa: pampu haitengenezi presha. Pampu hutoa mtiririko, basi. Presha huzaliwa pale mtiririko ule unapokutana na kizuizi. Simama kando ya kigari cha gogo kiwandani, uitazame geji wakati kibano kinapokwenda kushika. Maadamu kibano kinasafiri hewani, mshale hulala chini karibu na sifuri, ilhali pampu inazunguka kwa nguvu zake zote. Mara meno ya kibano yanapoligusa gome la gogo, mshale huruka, hupanda, kisha husimama pale valvu ya usalama ilipowekwa, na mafuta yaliyokosa pa kwenda hurudi tangini kupitia valvu hiyo yakiwa ya moto.

Asiyelijua hilo, kibano kikilegea, hukimbilia kulaumu pampu. Mwenye kiwanda hutoa fedha, pampu mpya hufungwa, na kibano hubaki kilegevu vile vile. Kumbe kijipande cha uchafu kimeikwamiza valvu ya usalama isifunge, na mafuta yote yanarudi tangini bila ya kufanya kazi. Dalili ilikuwako tangu mwanzo, nayo ni bomba la kurudishia mafuta kuwa na joto kuliko mengine. Liko kosa jingine lililo baya zaidi, nalo ni ile desturi ya kukaza skrubu ya valvu ya usalama kila mashine ionyeshapo uchovu, hata mipira ya kupitishia mafuta na silinda zikabebeshwa presha ambayo hazikuundwa kuibeba. Hiyo si ufundi hata kidogo.

Isidhaniwe kwamba kila mashine itumiayo mafuta huyatumia kwa jinsi hii. Injini za treni za mwanzo zilizoletwa kutoka China kwa ajili ya reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, zilipeleka nguvu magurudumuni kwa mafuta yanayorushwa kwa mbio kutoka panga moja hadi jingine. Huko kinachofanya kazi ni mwendo wa mafuta, si mgandamizo wake. Zilipata taabu kubwa katika mwinuko wa kutoka Mlimba hadi Makambako, na katika miaka ya 1980 zikaletwa nyingine za dizeli na umeme.

Turudi viwandani, maana nyanda hizi zina mambo yake. Mji wa Mbeya uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa, ambayo Tanga au Dar es Salaam hukandamiza kila sentimita ya mraba kwa uzito wa kama gramu 1,030, huku hukandamiza kwa gramu 840 hivi. Yamhusu nini fundi? Yamhusu sana, kwa kuwa pampu haivuti mafuta, kama vile mnywaji wa pombe ya kimpumu kule Rungwe naye asivyokivuta kinywaji chake: yeye hupunguza hewa ndani ya mrija tu, na hewa ya nje ndiyo ikisukumayo kinywaji kipande. Basi pampu ya Mbeya husaidiwa na hewa kidogo kuliko ya pwani. Ongeza juu ya hayo asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Mufindi inapoyafanya mafuta kuwa mazito, na chujio la mlango wa pampu likawa limeziba nusu. Mafuta hayafiki kwa wakati, mapovu huzuka ndani yake, na yafikapo penye presha hupasuka kwa kishindo kidogo kidogo kinachobandua chuma. Utasikia pampu ikikwaruza. Dawa si kuongeza kasi, bali ni kuiendesha mashine bila mzigo mpaka mafuta yapate joto, kusafisha chujio, na kuchagua mafuta yenye wepesi uifaao baridi. Kadhalika tangi lisiachwe nusu usiku kucha, kwani unyevu wa hewa hugeuka matone kwenye kuta zake, na mafuta yaliyochanganyika na maji hupauka yakawa meupe.

Uchafu nao ni adui. Nafasi iliyomo kati ya valvu na kile kipande kitelezacho ndani yake ni mikroni chache tu, hali unywele wa binadamu una unene wa kama mikroni 70. Hivyo punje iharibuyo haionekani kwa macho. Hata mafuta mapya ya pipani sharti yachujwe yanapotiwa. Kuyamimina kwa ndoo iliyokuwa na vumbi la mbao ni kununua maradhi.

Elimu hii yaweza kupatikana karibu: vyuo vya VETA viko Iringa na Mbeya, na chuo cha ufundi kilichofunguliwa Mbeya mwaka 1986 kimekua hata kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia mwaka 2012. Lau ningeulizwa rai yangu, ningesema mwanafunzi asipewe spana kabla hajaweza kuusoma mchoro wa mzunguko wa mafuta kwa kidole, kutoka tangini hadi kwenye silinda na kurudi.

Na kabla ya yote afundishwe tahadhari. Kuzima mota hakuondoi presha: mzigo ulioning'inia bado umeibeba, na chupa ya kuwekea akiba ya presha, iliyojazwa naitrojeni, bado inayasukuma mafuta, wala chupa hiyo isitiwe oksijeni kamwe, maana ikikutana na mafuta hulipuka. Mpira ukitoboka tundu la ncha ya sindano, usilitafute kwa kiganja. Tumia kipande cha boksi au cha mbao. Mafuta yatokayo hapo huchoma ngozi yakaingia nyamani, na jeraha huonekana dogo, pengine lisiume sana, kumbe yanaua nyama kwa ndani. Aliyepatwa na hayo asingoje kesho, apelekwe hospitali saa ile ile, na daktari aambiwe waziwazi kwamba ni mafuta ya presha, kwa sababu tiba yake ni upasuaji wa haraka, na kuchelewa kwaweza kumgharimu mtu kidole au mkono.