Toa Kutu Kabla ya Kupaka Rangi

Redio ni mwalimu asiyechoka. Mwaka 1973 watu wapatao 2,000,000 katika Tanzania walijiunga na vikundi vya kampeni ya "Mtu ni Afya". Kwa wiki 12 walikutana, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu chao na kujadiliana. Kisha walikwenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira ya nyumba zao. Redio moja iliwatosha watu wengi.

Redio ya zamani ikitunzwa inaweza kusema kwa miaka mingi. Lakini redio nyingi zina adui mmoja. Adui huyo ni kutu.

Tazama mbele ya redio ya zamani. Utaona bati lenye matundu madogo. Bati hilo huitwa wavu wa spika. Kazi yake ni mbili. Linakinga spika isitobolewe, na linapitisha sauti. Wavu ukishika kutu, matundu huziba na sauti hufifia. Unga wa kutu nao huangukia spika.

Kutu ni nini?

Chuma kikikutana na hewa na maji, huanza kuliwa. Unga mwekundu unaotokea ndio kutu. Rangi huzuia hewa na maji visifike kwenye chuma. Rangi ikibanduka mahali padogo tu, kutu huingia hapo na kutambaa chini ya rangi iliyobaki.

Huku Mpanda na Mkoa wote wa Katavi, mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Wakati huo hewa ina unyevu mwingi. Wakati wa kiangazi vumbi hujaa katika matundu. Vumbi hilo hushika unyevu mvua zinaporudi. Ndiyo sababu redio iliyoachwa barazani huharibika upesi.

Watu wengine hupaka rangi mpya juu ya kutu. Redio hupendeza kwa muda mfupi. Baadaye rangi huvimba na kubanduka. Kufanya hivyo ni kama kufunga kidonda bila kukiosha. Juu kuna kitambaa cheupe, lakini chini kidonda kinaoza.

Hatari ya vumbi la rangi ya zamani

Wenyeji wa Mpanda wanaijua risasi. Katika miaka ya 1950 madini ya risasi yalichimbwa hapa na kusafirishwa kwa reli. Risasi ina matumizi mengi, lakini ni sumu ikiingia mwilini. Hudhuru zaidi watoto wadogo, kwa sababu huharibu ubongo unaokua. Wajawazito nao wajihadhari.

Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi. Huwezi kuitambua kwa macho. Kwa hiyo, usisugue rangi ya zamani ikiwa kavu. Ilowanishe kwanza ili vumbi lisiruke. Fanya kazi nje, mbali na watoto, chakula, kuku na kisima. Usipulize vumbi kwa mdomo. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na ufue nguo ulizovaa peke yake.

Vitu vinavyohitajika

Tafuta bisibisi, sabuni, brashi ya waya, mswaki wa zamani, ndimu, msasa mkali na msasa laini, matambara, brashi ndogo ya rangi, njiti za ufagio, rangi ya kuzuia kutu na rangi ya mafuta. Msasa uwe wa aina inayoweza kutumika na maji. Rangi ya kuzuia kutu mafundi huiita praima.

Usitumie kopo la zamani lililosahaulika stoo. Praima nyingine nyekundu za zamani zilitengenezwa kwa risasi. Dukani, uliza rangi isiyo na risasi. Kisha soma maelezo ya kopo mwenyewe. Kopo litakuambia rangi ichanganywe na nini, na ikauke kwa saa ngapi. Kama maelezo ni ya lugha usiyoijua, mwombe anayeijua akusomee kabla hujalipa.

Namna ya kufanya kazi

Kwanza, toa betri. Kama redio inatumia umeme, chomoa waya ukutani na umpelekee fundi aifungue. Redio ya umeme inaweza kuwa na umeme ndani hata baada ya kuchomolewa.

Pili, ondoa wavu kwenye redio. Hatua hii usiiruke. Spika ina sumaku. Ukisugua wavu ungali mahali pake, unga wa chuma utavutwa na sumaku hiyo. Ukiingia ndani ya spika, sauti itakwaruza. Nyavu nyingine zimefungwa kwa skrubu. Nyingine zina vikucha vya bati vilivyokunjwa. Vinyoshe polepole, kwa sababu vikikunjwa mara nyingi hukatika. Usiguse karatasi ya spika kwa bisibisi. Kama kuna kitambaa nyuma ya wavu, kitoe ukihifadhi.

Tatu, osha wavu kwa maji na sabuni. Mafuta na moshi vikibaki, rangi haitashika.

Nne, toa kutu. Lowanisha wavu, usugue kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa mkali. Kutu iliyobaki katika matundu ipake maji ya ndimu. Iache kwa nusu saa, kisha sugua kwa mswaki. Suuza vizuri, futa, na uanike juani mara moja. Malizia kwa msasa laini wenye maji, suuza tena na ukaushe. Chuma kilicho wazi kikilala na unyevu usiku mmoja, kutu hurudi.

Tano, paka praima siku hiyo hiyo. Chagua kivuli kisicho na upepo wa vumbi. Chovya ncha ya brashi tu, kisha ifute kwenye mdomo wa kopo. Rangi nyingi itaziba matundu. Pitisha njiti ya ufagio katika kila tundu lililoziba, rangi ikiwa bado mbichi. Paka mbele, nyuma na kingo. Kutu hupenda kuanzia nyuma, mahali ambapo macho hayafiki.

Sita, praima ikikauka kama kopo linavyosema, paka rangi ya mafuta. Paka mara mbili, kila mara nyembamba. Subiri mpako wa kwanza ukauke kabla ya kupaka wa pili. Rangi na tina hushika moto upesi. Usifanye kazi hii karibu na jiko, wala usivute sigara.

Saba, rudisha kitambaa na wavu baada ya rangi kukauka kabisa. Inua wavu kwenye mwanga. Kama mwanga unapita katika matundu yote, sauti nayo itapita. Wavu ukitetemeka na kulia redio inaposema, weka kipande chembamba cha mpira ukingoni, kisha ukaze.

Kama kutu imekwisha kula bati na kuacha mapengo, rangi haitasaidia. Mwombe fundi bati akukatie wavu mwingine.

Kinga ni bora

Futa redio kwa kitambaa kikavu kila wiki. Iweke mbali na jiko, dirisha linalovuja na sakafu yenye unyevu. Toa betri zilizokwisha, kwa sababu huvuja maji yanayokula chuma. Ukiona alama ndogo ya kutu, ishughulikie siku hiyo. Kutu ndogo ni kazi ya saa moja. Kutu kubwa ni gharama ya wavu mpya.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini rangi iliyopakwa juu ya kutu haidumu?
2. Kwa nini wavu huondolewa kwenye redio kabla ya kusuguliwa?
3. Vumbi la rangi ya zamani lina hatari gani kwa watoto?
4. Leteni darasani kopo moja tupu la rangi. Someni maelezo yake pamoja. Linasema rangi ikauke kwa muda gani?
5. Nyumbani kwako kuna jembe, baiskeli au kitasa kilichoshika kutu? Utaanza na hatua gani?