Injini Juu ya Bawa

Katika ndege ndogo za jeti, injini aghalabu hufungwa ubavuni mwa kiwiliwili, karibu na mkia, kwa sababu ndege hizo ni fupi mno kwa kimo, na lau injini zingetundikwa chini ya mabawa, kama zilivyo katika ndege kubwa za abiria, zingekaribia kugusa ardhi na kufyonza mchanga na changarawe. Lakini desturi hiyo ina gharama yake: vyuma vya kubebea injini hupunguza nafasi ya abiria na mizigo, na kelele pamoja na mtetemo huwafikia walioketi ndani.

Michimasa Fujino, mhandisi Mjapani wa kampuni ya Honda, aliazimia kuiondoa taabu hiyo kwa kuziweka injini mbili juu ya mabawa, kila moja juu ya nguzo yake. Shaka ya wataalamu haikukosa hoja, maana hewa ipitayo kwa kasi baina ya injini na bawa huweza kuzusha mawimbi ya mshtuko yanayoizuia ndege. Ila yeye, kwa hesabu na majaribio ya upepo, alithibitisha kwamba pana mahali mahsusi ambapo injini, badala ya kuuzidisha ukinzani huo, huupunguza.

Ndege aliyoibuni hivyo, HondaJet, iliruka mara ya kwanza Marekani mwezi wa Desemba 2003, ikapata idhini ya serikali ya huko Desemba 2015. Desturi ya mafundi yastahili heshima. Walakini heshima hiyo haimzuii mwenye elimu na subira kuipima upya kwa dalili zilizo wazi.