Makaburi kama Ushahidi: Chapurukha Kusimba na Akiolojia ya Maziko katika Miji ya Kale ya Waswahili

Maziko ya kale yanapotajwa darasani, mfano wa kwanza huwa Misri. Huko maiti alikaushwa kwa magadi, akafungwa vitambaa vya kitani, kisha akazikwa pamoja na chakula, mapambo na maandishi yanayotaja jina lake. Kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, linaeleza mengi hata kabla ya mwili kuguswa. Mwanaakiolojia wa pwani ya Afrika Mashariki hana urahisi huo. Maiti wa Kiislamu huoshwa, huvikwa sanda, hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekezwa kibla, na hawekewi kitu kingine. Sanda huliwa na udongo. Hubaki mifupa na namna ilivyolala.

Ni katika mazingira hayo ya ushahidi haba ambamo Mkenya Chapurukha Kusimba amefanya kazi yake. Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoikamilisha Marekani mwaka 1993, haikuhusu makaburi bali ufuaji wa chuma katika pwani ya Kenya. Baadaye alikuwa msimamizi wa mikusanyo ya Afrika katika makumbusho ya Field mjini Chicago, na mwaka 1999 akachapisha kitabu kuhusu kuinuka na kuanguka kwa dola za Waswahili. Uchimbaji wake Mtwapa, kaskazini mwa Mombasa, na baadaye katika kisiwa cha Manda, ndio uliomfikisha kwenye mifupa ya wakazi wenyewe.

Swali alilorithi lilikuwa zito. Watafiti wa enzi ya ukoloni na miaka iliyoifuata, James Kirkman wa Gedi na Neville Chittick wa Kilwa wakiwa mashuhuri miongoni mwao, walitazama misikiti na majumba ya mawe wakaona zaidi kazi ya wageni kutoka Arabuni na Uajemi. Kizazi kilichofuata, kikitumia vyungu, makazi ya udongo na isimu ya Kibantu, kilisisitiza asili ya Kiafrika ya miji hiyo. Katikati ya mjadala huo walikuwapo Waswahili walio hai, ambao masimulizi yao kuhusu mababu wa Shirazi yalichukuliwa na wasomi wengi kuwa njia ya kujitafutia hadhi tu. Kwa watu ambao mara nyingi wameambiwa kuwa si wenyeji kamili wa nchi zao, jibu la swali hili haliishii maktabani.

Kufukua kaburi la Mwislamu kwahitaji ridhaa, na ridhaa ya pwani haipatikani kwa kibali cha serikali peke yake. Inafaa kukumbuka kwamba neno la Kiswahili lililo karibu zaidi na maiti wa Misri ni mumiani, ambalo kwanza lilimaanisha dawa nyeusi na baadaye likabeba hofu ya watu wanaonyonya damu za wenzao. Mgeni anayekusanya mifupa na meno huingia moja kwa moja katika hofu hiyo. Kusimba alizungumza na wazee na viongozi wa dini kabla ya kuchimba. Sharti lao lilikuwa kwamba wafu wasisumbuliwe kupita kiasi na warudishwe ardhini. Sharti hilo ni sehemu ya mbinu ya utafiti, wala halistahili kutajwa kwa sentensi moja ya shukrani kama tasnifu nyingi zinavyofanya.

Matokeo yalichapishwa mwezi Machi 2023 katika jarida la Nature, pamoja na Esther Brielle, David Reich na wenzao. Walichunguza vinasaba vya watu 80 waliozikwa Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na Lindi kati ya mwaka 1250 na 1800, pamoja na Makwasinyi, mji wa bara, baada ya mwaka 1650. Kwa wengi wa watu wa pwani, zaidi ya nusu ya nasaba ilikuwa ya Kiafrika, hasa kwa upande wa kina mama. Upande wa Asia ulitokana zaidi na wanaume wa Kiajemi, na mchanganyiko ulianza kufikia takribani mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 mchango wa Arabuni uliongezeka. Masimulizi ya Shirazi, basi, hayakuwa ya kubuni matupu.

Hata hivyo, tafsiri ya matokeo haya inaweza kurudia kosa la zamani kwa vifaa vipya. Mengi ya makaburi hayo yako karibu na misikiti na majumba ya mawe, yaani ni ya wenye nafasi. Mvuvi na mtumwa hawakuzikwa hapo. Tena, nasaba si utamaduni. Lugha iliyodumu katika nyumba hizo ni ya Kibantu, lugha ya kina mama, na desturi iliyojulikana Lamu ya baba kumpa binti nyumba anapoolewa inaonyesha kwamba mume ndiye aliyeweza kuwa mgeni.

Tarehe nazo zina uzito. Vyungu vya mapokeo yaliyo msingi wa miji hii vilikuwa vikitengenezwa karne kadhaa kabla ya mwaka 1000, na si ufukweni tu. Randi Håland na mwenzake Msuya walivikuta Dakawa, katika mkoa uleule wa Morogoro zilimo Kilosa na Kidodi, pamoja na mabaki ya ufuaji wa chuma. Ushahidi wa Makwasinyi, takribani kilomita 100 kutoka baharini, unaelekea upande huohuo: nasaba ya watu wake kwa sehemu kubwa ni ya Kiafrika, na inafanana na upande wa Kiafrika wa wale waliozikwa Mtwapa na Manda. Wanawake waliopokea wafanyabiashara wa Kiajemi katika miji ya pwani walikuwa na ndugu bara, na ni makaburi ya bara ambayo hadi sasa yamechimbwa machache.