Shahidi Asemapo "Namjua"

Katika kesi nyingi za unyang'anyi mzigo mkubwa wa polisi ni kumtafuta mtu asiyejulikana. Lakini iko aina moja ya kesi hizo ambamo jina hutajwa kabla ya damu kukauka, kwa sababu aliyepiga na aliyepigwa waliwahi kupokea mshahara mbele ya dirisha moja. Mtu aliyeachishwa kazi, ambaye anajua fedha za mishahara huletwa siku gani, na ufunguo wa kasha hukaa kwa nani, na mlinzi wa zamu huenda kunywa chai saa ngapi, anarejea usiku na wenziwe, panga mkononi. Na karani wa fedha, akisharudiwa na fahamu, anasema maneno yasiyozidi manne: namjua, tulifanya naye kazi. Kwa watu wa mtaani kadhia imekwisha hapo. Lakini jaji wa rufani, ambaye hakumwona karani huyo wala kovu lake, na ambaye mbele yake hapana kitu ila jalada, ana maswali ambayo neno "namjua" halikuyagusa. Na makala haya yanakusudia kuyaeleza kwa wasomaji wasio wanasheria, kwa mujibu wa sheria ya Tanzania, na ya Kenya pale inapostahiki.

Kwanza yafaa ijulikane uzito wa jambo lenyewe. Unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungu chake mahsusi katika Sheria ya Kanuni za Adhabu, kifungu kilichoingizwa mwaka 2004 na kujulikana na kila mahabusu kwa namba yake, 287A, na adhabu yake haishuki chini ya miaka 30 jela, hata kama kilichochukuliwa ni simu moja na noti chache za droo. Huko Kenya kosa la jinsi hii, unyang'anyi wa kutumia nguvu, limeandikiwa kifo, na ingawa hapana mtu aliyenyongwa nchini humo tangu mwaka 1987, hukumu hiyo imo kitabuni. Hata uamuzi mashuhuri wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2017, uliobatilisha ulazima wa adhabu ya kifo, mahakama hiyo hiyo ilibainisha mwaka 2021 kwamba ulihusu kosa la mauaji peke yake. Sheria inapomnyima hakimu nafasi ya kupima adhabu, haina budi kumdai zaidi katika kupima ushahidi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo siri ya ukali wa majaji wa rufani katika kesi hizi, ukali ambao wengi huudhania kuwa ni huruma kwa wezi.

Safari ya rufani huanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Aliyetiwa hatiani na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi ana siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufani, na siku 45 za kuleta sababu zake Mahakama Kuu, bila kuhesabu muda anaongojea nakala za mwenendo na hukumu. Na akiwa kifungoni hupitisha karatasi zake kwa mkuu wa gereza. Aghalabu sababu hizo huandikwa na mfungwa mwenziwe mwenye hati nzuri, aliyewahi kushinda rufani ya mtu mwingine na kushindwa yake, na ndiyo maana utazikuta kumi na nne au kumi na sita, nyingine zikirudia zilizotangulia kwa maneno makali zaidi. Jaji huzisoma zote. Rufani ya kwanza, kama ilivyokaririwa tangu shauri la Okeno la mwaka 1972, ni haki ya mrufani kupimiwa ushahidi wote upya, ushahidi kwa ushahidi, huku jaji akikumbuka kuwa yeye hakuwaona mashahidi wakisema. Ama rufani ya pili, iendayo Mahakama ya Rufani, hiyo ni kwa hoja za sheria tu, na majaji wake hawaingilii yale ambayo mahakama mbili za chini zimeyakubali, isipokuwa pale walipoona ushahidi ulieleweka kombo.

Sasa tumrejee karani wetu, na tumchukulie kuwa ni wa ghala la nafaka, na anayemtuhumu ni utingo wa lori aliyefukuzwa miezi kadhaa nyuma. Hoja ya Jamhuri ni nyepesi kutamkwa: huyu si mgeni, ni mtu aliyemwona kila siku, basi atakoseaje? Na kwa hakika sheria inaipa hoja hiyo uzito wake. Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema mwaka 1980, katika shauri la Anjononi, kwamba kumtambua mtu unayemjua huaminika zaidi kuliko kumtambua mgeni. Lakini miaka michache kabla ya hapo, huko Uingereza, majaji wa shauri la Turnbull la mwaka 1976, nao wakikubali hayo hayo, walitaka wazee wa baraza wakumbushwe kuwa watu hukosea hata kwa jamaa zao na rafiki zao wa karibu. Nani asiyewahi kumkimbilia mtu sokoni akimwita jina, akageuka mwingine? Na hapo ni mchana, na moyo umetulia.

Kwetu mzani unaotumika ni ule wa shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, ambalo halikosekani katika hukumu yoyote ya namna hii: mahakama isiegemee ushahidi wa macho mpaka kila uwezekano wa kukosea umeondolewa, na katika kuuondoa itazame shahidi alimwona mtuhumiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, katika hali gani ya mwanga, na kama alikuwa akimjua kabla. Msomaji aangalie vizuri: kumjua kabla ni jambo moja tu kati ya hayo, nalo halitoi mwanga mahali pasipo na mwanga. Karani akisema "taa ilikuwa inawaka," wakili wa mrufani atauliza taa ya namna gani, ilikuwa ndani au kwenye nguzo ya barabarani, iliangaza uso wa mtu au mgongo wake. Na kama mwanga wenyewe ulikuwa wa tochi, ataomba ijulikane tochi hiyo alishika nani, kwa kuwa tochi ikiwa mkononi mwa mwizi humulika uso wa anayeibiwa, na anayemulikwa machoni haoni kitu ila duara jeupe. Nimesoma majalada ambamo shahidi mwaminifu, aliyejeruhiwa kweli, hakuulizwa swali hilo hata na upande uliomleta, na kwa kuwa halimo katika mwenendo, mbele ya rufani ni kama mwanga haukuwapo.

Yapo pia ya sauti. Mwizi amefunika uso kwa kitambaa, lakini amesema "leta ufunguo," na karani anaapa kuwa ndiyo sauti iliyokuwa ikiita mizigo pale mlangoni kwa miaka miwili. Mahakama huupokea ushahidi huo kwa tahadhari kubwa, maana sauti huigwa, na mtu akiwa katika taharuki hupandisha au huididimiza. Shahidi lazima aoneshe kuwa aliizoea sauti hiyo barabara, na kuwa maneno yaliyosemwa yalikuwa mengi ya kutosha kupambanua. Maneno mawili ni machache. Na pale ambapo shahidi wa utambuzi ni mmoja peke yake, onyo ni la tangu mwaka 1953, lilipoamuliwa shauri la Abdalla bin Wendo na iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki: ushahidi wake waweza kutosha kumtia mtu hatiani, ila upimwe kwa uangalifu wa pekee, na lililo bora ni utiwe nguvu na jambo jingine.

Jambo hilo jingine, katika kesi ya watu waliofanya kazi pamoja, aghalabu ni dogo mno, nalo ni hili: jina lilitajwa lini, na kwa nani? Mahakama ya Rufani imekwisha amua zaidi ya mara moja kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa katika fursa ya mwanzo kabisa ni dhamana kubwa ya ukweli wake, na kuchelewa kumtaja bila ya sababu huingiza shaka. Basi kama karani alimwambia mlinzi aliyemfungua kamba, na mlinzi akamwambia askari wa kaunta, na askari akaliandika jina katika kitabu cha taarifa saa ile ile, ushahidi huo una miguu ya kusimamia. Lakini ikiwa kitabu kinasema "watu wasiojulikana", na jina la utingo linazuka siku ya tatu baada ya meneja kukumbuka kuwa yuko mtu aliyeondoka kwa vitisho, hapo utambuzi umegeuka dhana, hata kama dhana yenyewe ni ya kweli. Lawama za wezi kuachiwa humiminiwa majaji, ilhali aghalabu kesi huwa imeshindwa pale kaunta, kwa kalamu ya mtu aliyeona uvivu kuandika mstari mmoja.

Fitina ya kazini nayo hukata kuwili. Jamhuri husema alifukuzwa, akaweka kinyongo, tena alikuwa anajua siri za ghala. Mrufani hujibu kuwa kwa sababu hiyo hiyo ya kufukuzwa kwake ndiye aliyekuwa mwepesi kusingiziwa, na kwamba siri ya siku ya mishahara waliijua wafanyakazi wote, na wake zao, na muuza chai. Tuhuma hata iwe nzito namna gani haijazi pengo la ushahidi. Tafauti kabisa ni pale vitu vyenyewe vinapokutwa kwake: hapo mtu hutakiwa aeleze alivipataje, mradi upande wa mashtaka umethibitisha kuwa vimekutwa kwake yeye, kuwa ni vya mlalamikaji kwa alama iliyo bayana, kuwa viliibwa karibuni, na kuwa ndivyo vilivyotajwa katika hati ya mashtaka. Noti hazina alama ya mwenyewe. Simu ina namba yake.

Kisha yako ya karatasi, ambayo nayapita upesi ingawa ndiyo yaliyofungua milango mingi ya magereza. Hati ya mashtaka isiyotaja ni nani aliyetishwa au aliyepigwa huwa na kasoro nzito, kwa kuwa nguvu dhidi ya mtu ndiyo roho ya kosa lenyewe. Maelezo ya onyo yaliyochukuliwa baada ya saa 4 tangu mtu kukamatwa, pasipo muda huo kuongezwa kisheria, huondolewa. Fomu namba tatu ya polisi, ile PF3 inayoeleza majeraha, ikipokelewa bila ya mshtakiwa kuambiwa haki yake ya kutaka daktari aitwe, nayo huondolewa, na kielelezo chochote cha maandishi kisiposomwa kwa sauti baada ya kupokelewa hufuata njia hiyo hiyo. Jeraha la karani halifutiki kwa hayo, maana anaweza kulieleza kwa kinywa chake. Lakini kesi iliyosimama juu ya karatasi pekee huanguka pamoja nazo.

Mwishowe jaji ana njia kadhaa. Aweza kuitupa rufani. Aweza kumtia mrufani katika kosa dogo zaidi lililothibitika. Aweza kuamuru kesi isikilizwe upya, ila si kwa ajili ya kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mianya yake, kama lilivyokataza shauri la Fatehali Manji mwaka 1966. Au aweza kufuta hukumu na kuamuru aachiwe, isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine ya halali. Katika yote hayo karani si mdaawa, kwani mdaawa ni Jamhuri, na huweza kukutana na utingo wake kituo cha basi kabla hajaarifiwa lolote. Amri ya fidia aliyopewa na mahakama ya chini huanguka hukumu ikianguka. Lakini haki yake kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008, haitegemei kujulikana kwa mwizi hata kidogo: inatosha kuthibitisha kuwa aliumia akiwa kazini na kwa sababu ya kazi, kwa hiyo asingojee rufani kwisha ndipo amwambie mwajiri wake apeleke taarifa.